Baridi ya Esteria

Asubuhi Seleman alitundika mapaja ya ng'ombe kwenye ndoano, akafagia sakafu ya bucha, kisha akamsogezea shemeji yake Esteria kiti karibu na maini, kwa kuwa maini ndiyo huwahi kuharibika. Umeme ulikuwa wa mgao na friji limekaa kama kabati tu. Lakini penye Esteria nyama haikuoza. Mikunjo ya kitenge chake ilishika barafu, hata sakitu ya kule milimani Ipelele ingeona aibu.

Esteria alikuwa mkulima wa kijiji cha Kichiwa. Daktari wa Njombe alimtoa tezi ya shingo yenye kansa, akampangia yaliyobaki: aache vidonge vya kuziba pengo la tezi, mwili uingie baridi, kisha aende Dar es Salaam akanywe dawa ya madini joto yenye mionzi ya kuunguza mabaki. Dawa iliagizwa Ulaya kwa jina lake.

"Hiyo haingoji mtu, mama," daktari alisema. "Hata ikiwa chupani, nguvu inapungua kila siku."

Ndiyo maana akaja Makambako kwa mdogo wake Eveline, mke wa Seleman, penye simu na mabasi. Mwanzoni alikaa jikoni, lakini moto ulizimika na ugali haukuiva. Eveline akamwomba kwa adabu ahamie buchani, maana watu lazima wale.

Hizo zilikuwa siku za soko huria, kila mtu na lake. Anifa muuza maziwa akaleta madumu. Mwenye baa akapanga kreti za soda mgongoni pake. Wote walimpa pole. Wa kumletea blanketi hakuonekana, kwa sababu blanketi lingezuia baridi.

Na mama wa watu aliteseka jamani. Vidole vilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito. Kila jioni aliuliza, "Shemeji, daktari hajapiga?"

"Bado, shemeji. Vuta subira."

Daktari alikuwa ameshapiga. Alisema dawa imefika, mgonjwa apande basi kesho. Seleman aliitikia vizuri kabisa, akakumbuka oda za nyama ya Krismasi, akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka sikukuu ipite kwanza.

Ilipopita, alimpandisha basi mwenyewe, kiti cha mbele. Huko hospitali wakamwonyesha chupa iliyokwisha nguvu. Nyingine ingeagizwa, lini hawakujua.

Aliporudi, Seleman akampokea mzigo.

"Wanasema daktari alipiga," Esteria alisema.

"Alipiga, shemeji. Kulikuwa na oda."

Esteria akalia. Machozi yakaganda mashavuni, Eveline akayabandua taratibu kwa ncha ya khanga. Iliwauma wote, kweli kabisa. Anifa naye alitoa pole ndefu, akakaa kidogo, kisha akauliza kama mgonjwa angependa kupumzika leo, au yeye Anifa aanze tu kuingiza madumu.