Majina Yaliungua

Mwalimu, hapa nitamwita Erasto, aliweka bahasha ya kaki kando ya jiko langu, akaifunika kwa kitambaa changu cha kufutia mikono.

"Karatasi hizi si za kufungia vitumbua, Mwasiti," alisema. "Washia moto."

Nilikuwa nikiuza vitumbua Ujiji, chini ya dirisha la darasa alilonifundishia na mimi kabla sijaishia la saba. Kila muhula ukiisha aliniletea madaftari yaliyojaa, niyachane nifungie. Safari hii muhula ulikuwa haujafika hata katikati.

Nilijua ni karatasi gani. Wiki mbili nyuma, vurugu zilizotufungia ndani wiki nzima zilipopoa na maduka yakaanza kufunguliwa ubao mmoja mmoja, nilimsikia akifundisha historia ya nchi. Aliwaambia watoto kwamba wageni walipita Ujiji siku chache tu, wakaandika kurasa na kurasa. Wenyeji hawakuandika hata moja, ndiyo maana mpaka leo tunasimuliwa kwetu na wapita njia. Basi kila mtoto aandike ukurasa mmoja: wiki ile ya vurugu, nyumbani kwao, aliona nini.

Sasa wakubwa wa serikali walikuwa wanakuja Ijumaa kukagua madaftari. Karatasi moja tu ikionekana, yeye hana kazi, na wazazi wa watoto wataitwa kuulizwa.

Vitumbua vilipokwisha nilikaa nikazisoma. Mimi husoma taratibu, kidole kikitangulia. Kwa mmoja walikula ugali bila mboga, wamekaa chini ya usawa wa dirisha. Kwa mwingine kuku walitaga barabarani, asitokee wa kuokota mayai. Mtoto mmoja, ambaye hata leo simtaji, aliandika mistari miwili: "Kaka alienda Katonga kununua dagaa. Sahani yake bado tunaifunika."

Makaa yalikuwa bado mekundu. Nikachukua wembe.

Jumatatu Mwalimu alikuja. Wakubwa walikuwa wamepekua madaftari, wakanywa chai, wakaondoka. Aliitikia shikamoo yangu huku akiangalia majivu.

"Ziliungua?"

"Majina yaliungua, Mwalimu."

Zamani darasani alizoea kunitania kwamba hata nyumba ikiwaka, Mwasiti atamaliza kwanza mstari wake. Siku ile hakutania. Kitumbua kilimpoa mkononi. Nikamwambia zilizobaki ziko ndani ya debe, chini ya unga wa mchele, arobaini na moja, hakuna pungufu. Nilidhani atagomba. Nilikuwa tayari kugombezwa; ila kuziwasha sikuwa tayari.

Akavuta kigoda changu akakaa, mtu mzima na tai yake, magoti karibu yamguse kidevu. Akachomoa ukurasa kwenye furushi langu la kufungia, akaugeuza upande usioandikwa.

"Mimi yangu sikuandika," alisema.

Kengele ya kipindi iligongwa, hakunyanyuka. Aliandika mpaka chini, akapuliza unga uliokuwa umeangukia maneno, akanikabidhi. Pembe ya juu, pale panapowekwa jina, alikuwa ameshaichana mwenyewe.