Jumanne ya Waa

"Jumanne mlikuwa hapa?" Purity aliuliza, faili limefunguka mapajani mwake.

"Tulikuwa," Mishi alijibu bila kuinua macho. Alikuwa anapiga fundo la mwisho la kuti, na fundo la mwisho halipendi mazungumzo.

Jibu lilimtoka upesi, kama mtu anavyoitikia salamu. Kwa hesabu yake hakusema uongo. Makuti thelathini ya Jumanne yalikuwa pale ukutani, yamepangwa, yanangoja gari la hoteli kutoka Diani. Kwamba yalishonwa alasiri mpaka magharibi badala ya asubuhi, hilo aliliona ni lake yeye na makuti yake.

Purity alikuwa afisa wa probesheni, binti mpole wa Kaloleni, ambaye kwa wiki kumi alikuwa akifika Kinondo kila Alhamisi na viatu vimejaa vumbi. Siku zote huomba maji kwanza. Leo hakuomba.

"Basi, Bi Mishi, kwa nini Twaiba amewaambia polisi kuwa alikuwa Waa?"

Mkono wa Mishi ulisimama.

"Polisi gani? Nimemtuma dukani kununua uzi."

"Wamemchukua hapo hapo dukani. Jumanne saa nne, Ukunda, mama mmoja alinyang'anywa simu. Anasema ni msichana aliyevaa buibui jeusi."

Mabuibui meusi Ukunda ni mengi kuliko kunguru, lakini msichana wa buibui jeusi mwenye faili serikalini alikuwa mmoja tu. Twaiba alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa Arabuni, kwenye kazi za nyumbani, na binti alilelewa na yeyote aliyekuwa na nafasi. Mwezi wa tatu alikamatwa na simu tatu za wizi ndani ya mkoba wa shule. Alikuwa akimfichia binamu yake. Ndipo lilipoitishwa baraza kwa chifu, wakaja wenye simu, wazee na maafisa, ikasemwa kwamba mtoto harekebishwi kwa kufungiwa, mtoto hurekebishwa na watu wake. Twaiba akaomba radhi mbele ya wote. Akakabidhiwa kwa Mishi, mjane mwenye kazi ya mikono na nyumba tulivu, akae naye wiki kumi na mbili ajifunze kushona makuti. Hakimu akaridhia kwa masharti mawili: msichana asitoke Kinondo bila barua ya afisa, na Mishi ajaze karatasi kila siku kueleza kazi iliyofanywa. Serikali ingekagua. Wazee wakapiga makofi, wakanywa soda, wakaenda zao.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

"Alikuwa Waa," Mishi alisema sasa, sauti imeshuka. "Tulikuwa Waa sote wawili, toka alfajiri hadi adhuhuri. Palikuwa na msiba. Mimi ni mwosha maiti, mwanangu. Nimeosha wanawake wa pwani hii miaka ishirini."

Purity alimtazama, kisha akaitazama karatasi. Kwenye mistari miwili ya kazi iliyofanywa, kwa mwandiko wa Mishi mwenyewe, paliandikwa: *Kushona makuti, 30. Kinondo, kutwa.*

"Sasa mbona hukuandika?"

Angemwelezaje mtu wa ofisini kwamba josho si kazi? Kazi ina ujira, na mtu huweza kuitaja mbele za watu. Josho ni haki ya maiti. Unaingia, unamwosha, unamsitiri, ukitoka umefunga mdomo. Shangazi yake aliyemfunza alisema anayeosha kisha akasimulia amejipunguzia thawabu na amemvua nguo marehemu mara ya pili. Kuandika josho kwenye karatasi ya serikali, pamoja na idadi ya makuti, kungemfanya aone haya kama aliyekutwa akijisifu. Na kuomba barua? Msiba hauombi ruhusa. Simu ililia alfajiri kuwa Mwanapili amefariki katika uzazi, msaidizi wa Mishi wa kumimina maji anaumwa na mguu, na aliyekuwa karibu ni Twaiba. Akamwambia jifunge leso, twende.

"Ungenitumia ujumbe, Bi Mishi," Purity alisema. Alikuwa karibu kulia, na Mishi alimchukia kidogo kwa hilo. "Mstari mmoja tu. Ningekuandikia barua saa hiyo hiyo."

"Ichane hiyo. Nipe nyingine, niandike kweli."

"Wakaguzi walipita hapa jana. Zote wamezipiga picha. Nikiichana, mwongo ninakuwa mimi."

Kesi ilisikilizwa Jumatatu, faragha, kwenye chumba kidogo chenye feni mbovu. Twaiba alikaa karibu na askari wa kike, mikono juu ya magoti. Alipomwona Mishi alisema, "Shikamoo, shangazi," kwa adabu ile ile ya kila asubuhi, na Mishi akaitikia marahaba.

Alitangulia Fauzia, dada wa marehemu. Alisema msichana huyu alikuwa kwao Waa tangu kabla jua halijatoka, na wanawake thelathini walimwona. Mwenye simu naye, alipoulizwa vizuri, akasema uso hakuuona sawasawa, aliona buibui. Shtaka la wizi likafa pale pale. Mishi alishusha pumzi. Alidhani yamekwisha.

Lakini hakimu alikuwa bado ameishika karatasi ya Jumanne.

"Mama, ni wewe uliyeandika hapa?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Na haya si kweli."

"Makuti ni kweli. Saa ndizo zisizo za kweli. Na Waa sikuiandika."

"Ulijua haruhusiwi kutoka Kinondo?"

"Nilijua. Sikudhani kuzika ni kutoka."

Hakimu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa mazito. "Nisaidie basi. Huko Waa alifanya nini? Nionyeshe kuwa mtoto huyu amebadilika."

Mishi alifungua mdomo. Yote yalikuwepo, yamejaa kifuani. Alimwona tena Mwanapili juu ya kitanda cha kamba, jinsi alivyokuwa, mambo ambayo hata mama mzazi alitolewa nje asiyaone. Alimwona Twaiba, mtoto aliyesemwa hana haya wala huruma, akishika kata bila kutetemeka, akimimina polepole kana kwamba aliyelala angeshtushwa na baridi. Kuna jambo alilifanya kwa mikono yake, bila kuambiwa, ambalo Mishi katika miaka ishirini hakumwona mtu mzima akilifanya. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alishona makuti bila kusukumwa. Lau hakimu angelijua jambo hilo, angemrudisha binti nyumbani siku ile ile.

"Alimimina maji, mheshimiwa," Mishi alisema.

"Na nini tena?"

Twaiba alikuwa amemkazia macho. Akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Mengine ni ya marehemu."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa upole, kwamba siku moja ikiwa si kweli, yeye hana njia ya kujua siku nyingine zote zilikuwaje. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Hata serikali huijua methali hiyo. Msimamizi hawezi kutegemewa, ndugu hakujitokeza hata mmoja, na mama yuko ng'ambo. Amri ya kukaa kijijini ikafutwa. Twaiba angepelekwa kwenye shule ya urekebishaji huko bara, mpaka atimize miaka kumi na minane. Kwa wizi hakupatikana na hatia yoyote, na hilo nalo liliandikwa.

Nje, jua lilikuwa kali. Gari la serikali lilingoja likinguruma. Purity aliomba wapewe dakika tano, wakapewa mbili.

Mishi alitaka kuomba msamaha. Alimshika binti mashavu. "Ningesema," alimwambia. "Ungenipa ishara moja tu, ningesema yote."

"Ungesema, shangazi, ungeoshaje tena?"

Askari akafungua mlango wa nyuma. Twaiba aliingia, akasogea mpaka dirishani, akateremsha kioo.

"Shangazi," aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya unga, "huko bara akifa mmoja wetu, nani humwosha?"

Mishi alimwambia afunge mtandio vizuri, huko kuna baridi. Twaiba akaanza kuufunga, taratibu, kwa mikono miwili, na gari likaondoka kabla hajamaliza.