Sahihi ya Shemeji

Mimi ni karani wa masjala, na kwa kisirani changu nikakubali pia kuwa katibu wa kikundi cha michezo ya mezani. Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha juu cha maktaba: dadu, kete, kadi, na watu wazima wanaogombania bandari iliyochorwa kwenye ubao. Michezo naipenda kupita kiasi. Wachezaji ndio siwawezi.

Kila Alhamisi naandika kwenye kundi la simu, "Jumamosi mpo?" Kuna mchezo unaotaka watu wanne kamili, kwa hiyo lazima nipate idadi ndipo nipange meza. Wanajibu, "Tupo!" Mpo wapi? Duniani, basi. Nikimpigia mwalimu wa hesabu ananiambia yuko njiani, na nyuma yake nasikia maji ya kuoga yakimwagika. Kinyozi huweka kidole gumba halafu haonekani, na ukimuuliza anasema kidole siyo ahadi. Bingwa wao ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Yeye hujibu wa kwanza, kwa herufi kubwa, na mguu wake haukanyagi pale.

Mkutubi alitupa chumba kwa sharti moja: tusipungue kumi kila wiki, la sivyo kinachukuliwa na kwaya. Tulikuwa tunakuja sita. Nikaanza kuwasainia watoro kwenye daftari la mahudhurio, kwanza mmoja, baadaye wanne. Sahihi ya shemeji ilinibidi niifanyie mazoezi, maana ina mkia mrefu wa mtu anayejiona. Nilipomwambia namsainia alicheka, akasema, "Endelea hivyo hivyo, shemeji." Sikuona haya hata kidogo. Yeye haoni haya kudanganya kwamba atakuja, mimi nione haya ya nini?

Jumamosi iliyopita, saa nane na nusu, nilikuwa peke yangu nikipanga viti. Mkutubi akapanda kukagua daftari. Alikuja na fomu: mahudhurio yakimridhisha, chumba ni chetu mwaka mzima. Alikuwa anafunua kurasa taratibu, midomo ikihesabu, pale mdogo wangu alipoingia bila hodi, macho mekundu.

"Dada, niambie ukweli. Mume wangu huwa anakuja huku?"

"Kwani kuna nini?"

"Kila Jumamosi anatoka, anasema yuko na nyie. Jirani kamwona mtaa wa pili, anaingia kwa mwanamke. Wiki mbili mfululizo! Leo nimemtukana mpaka watoto wamelia. Akaniambia, kaangalie daftari la dada yako."

Ndipo nilipokielewa kile kicheko chake, mshenzi yule. Nilikuwa nimemfanyia kazi yake bure, kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

Mkutubi, kwa wema wake usioombwa, akamgeuzia daftari. Mdogo wangu akaitambua sahihi mara moja, akaiwekea kidole.

"Huyu?" mkutubi akasema. "Huyu hajakosa hata wiki moja. Au siyo, katibu?"

Wote wawili wakaniangalia. Kalamu ya mkutubi ilikuwa juu ya fomu. Neno moja tu la kweli, na Jumamosi ijayo kwaya ingekuwa inapasha sauti kwenye viti vyangu.

"Alikuwepo," nikasema.

"Kila wiki, dada?"

"Kila wiki."

Mdogo wangu akakaa kwenye kiti kitupu, akalia na kucheka kwa pamoja. Mkutubi akagonga muhuri, akanipongeza kwa uongozi bora. Watu wale nimewadharau miezi yote hii, lakini hakuna hata mmoja niliyemdharau kama nilivyojidharau dakika ile.

"Jamani, nimemwonea bure baba wa watu," mdogo wangu akasema, akijifuta na kiganja. "Yuko nyumbani kanuna, anasema leo hatoki. Naenda kumpigia magoti. Shati lake nitalipiga pasi mwenyewe, atoke. Nisimkoseshe Jumamosi yake."

Nilifungua mdomo. Nikamwambia ashuke taratibu, ngazi zina utelezi.

"Asante, dada," akanijibu, akashuka mbio.