Kaa wa Tarina

Mzee Lajuan alishuka melini na nia moja tu: kumzuia binti yake Tarina, mwenye mimba ya kwanza, asirudi kuishi kwenye kisiwa chao kilichonyeshewa majivu ya bomu la nyuklia. Serikali ilikuwa imekwangua udongo kuzunguka nyumba mpya na kumwaga kokoto nyeupe. Nyuma ya nyumba, minazi ilisimama kwenye udongo uleule wa zamani.

"Pazuri, baba!" Tarina alisema. "Acha kununa."

Jelton, mumewe, akatokea vichakani kaning'iniza kaa mkubwa wa minazi. Hakuwa na la kufanya. Tangu alfajiri mkewe alikuwa akimtamani kaa, na kwao mjamzito hanyimwi anachotamani; anayemnyima hutazamwa kama mchawi. Jelton akamchoma kaa papo hapo, mafuta yakachuruzika.

Lajuan akamgeukia bwana mkubwa wa serikali, msimamizi wa makazi, aliyekuwa kivulini akila samaki wa kopo.

"Bwana, kaa huyo analiwa?"

"Kaa tumekataza, mzee. Sumu hubaki ndani yake. Lakini kipande kidogo hakina neno."

"Na mjamzito?"

"Kisiwa ni salama, mradi watu wafuate maagizo."

"Basi si salama! Kidogo hakina neno, ndivyo mlivyomwambia mke wangu Limeto aliporudishwa hapa mara ya kwanza. Akala wanga wa mizizi ya huku, mdomo ukamuungua. Mimba mbili zikaharibika, kisha shingo ikavimba hadi akafa. Hamkuja hata kuzika!"

"Mimi sikuwepo wakati huo."

"Hamkuwepo, hamkuwepo! Kila mara anakuja mwingine!"

Tarina alikwishavunja gando. Lajuan akamnyang'anya, akamzoa na kaa mwenyewe motoni kwa mikono mitupu na kumtupa baharini. Wanawake wa nyumba za jirani wakaziba midomo.

"Umeninyima, baba?" Tarina akalia. "Mbele za watu?"

"Nimekunyima. Twende melini."

"Nenda wewe. Kule ugenini tunalala tisa chumba kimoja. Mwanangu atazaliwa kwao."

"Mkwe, umetutia aibu," Jelton akanong'ona. "Kesho nitamletea mwingine."

Meli ikapiga honi. Bwana mkubwa akapanda wa kwanza. Lajuan akaitazama ngazi, akamtazama Jelton, akajua huyu hatathubutu kumnyima mkewe kitu. Akaketi kwenye kokoto, viganja vimebabuka, katikati ya Tarina na vichaka. Tarina akamgeuzia mgongo. Meli ikaondoka.

"Kesho nitakunyima tena," Lajuan akamwambia.