Chungu Kinachotazamwa

Ninasinzia mchana kweupe, juu ya kigoda kando ya kitanda cha Bibi Winifred, mzungu mkongwe ninayemuuguza hapa Lushoto, na kope zangu hazijagusana bado namsikia: Mwantumu, nenda kapumzike, kwetu Uingereza wazee husema chungu kikitazamwa hakichemki. Kila siku ananiambia hivyo ili nimwache, na mimi kila siku naushika msemo wake kivyangu, kwamba kama chungu kikitazamwa hakichemki, basi na mtu akitazamwa hafi. Ndiyo maana simwondolei macho. Sasa macho yenyewe yamejifumba, na mlango wa chumba unafunguka wenyewe kwenye barabara isiyo na mwisho, nyumba ndizo zinazotembea kunijia, kila nyumba ina pacha wake ng'ambo kama kwenye kioo, na mvua inanyesha paka na mbwa, vilevile Bibi anavyonisimuliaga kuhusu mvua kubwa ya kwao, wanaanguka, wanajikung'uta, wanaenda zao. Mbele yangu wapishi wasio na nyuso wanagombea sufuria moja ya mchuzi. Onja, dada, anasema mmoja. Asionje, sijatia chumvi mie, anadakia wa pili. Nilishatia, tena mara mbili, anasema wa tatu, nyie mlikuwa mnapiga soga. Nawauliza njia ya kurudi, maana nimemwacha mgonjwa peke yake. Wanageuka wote, wananiuliza. Umemwacha? Kumbe ndiye wewe. Mmoja anafuta mikono kwenye aproni, ananiongoza. Namuuliza, yu hai? Ananijibu, aliyefungwa kwa kamba huiona kamba, je, aliyefungwa kwa macho? Sielewi, namfuata tu, tunaupita mji uleule ukiwa umegeuka, kulia kumekuwa kushoto, na kwenye kona namkuta Bibi amesimama, mguu mmoja ameuinua, hawezi kuushusha.

Mwantumu mwanangu, anasema, nimechoka kuning'iniza mguu huu. Nakutunza, Bibi. Unanitunza mimi au unajitunza wewe? Hebu geuka huko, hata kujikuna siwezi ukinikodolea hivyo. Anacheka, mimi nalia. Nikigeuka watasema nimekuua kwa usingizi. Nani watasema, hao wa mchuzi? Nikimtazama namtesa, nisipomtazama nimemtupa, na hakuna barabara ya tatu. Nageuka. Nasikia unyayo wake ukigusa changarawe, halafu mwingine, polepole, halafu upesi kama wa msichana, na kila unyayo unanikanyaga mimi kifuani, mpaka nafumbua macho.

Kigoda. Dirisha. Jua liko palepale. Bibi ameketi kitandani bila kushikwa, yeye ambaye mwezi mzima hakuweza kuketi, pumzi haimkwami, ananitazama kwa huruma. Pole na safari, Mwantumu, anasema. Na mimi niliyemgeuzia mgongo nashindwa kumjibu nimeshapoa, kwa sababu sijui kama ni yeye aliyerudi, au ni mimi niliyemfuata huko alikokwenda.