Hariri ya Adoyo

Jackton Obonyo alikesha mwaka mzima na ile ndege. Si ndege ya kupanda mtu. Ni ya mfano, ile inayorushwa kwa nyaya mbili nyembamba, mrushaji amesimama katikati ya uwanja na kishikio mkononi, nayo ikimzunguka. Aliifuata ramani ya miaka ya hamsini bila kudanganya popote: mbao nyepesi ya balsa, injini kuukuu aliyoifufua mwenyewe, mabawa ya hariri. Plastiki hakutaka hata kuisikia. Hariri ilipokosekana Kericho nzima, alikata kitambaa cha kichwa cha marehemu mkewe, Adoyo, alichokuwa akivaa kanisani.

Basi Clifford, jirani aliyemwita ndugu, akaiomba akawaonyeshe wenzake Nairobi. Ikarudi na jina la Clifford ubavuni. Jackton alipoidai, mwizi yule akacheka.

"Omera, ndugu yangu, uko na shahidi?"

"Nirudishie hata hiyo hariri tu."

"Nichune ndege yangu? Enda nyumbani, mzee."

Jackton akaenda, na chuki yake akailea kama mtoto.

Siku ya mashindano uwanjani Kapsoit, Clifford alihitaji mtu wa kufunga nyaya na kuishika ndege injini ikinguruma. Jackton akajitolea, akimchekea jino pembe. Waya wa kupandisha akaufunga pa kushusha, na wa kushusha pa kupandisha.

Warushaji wana desturi yao: kabla ndege haijaachiliwa, mrushaji huinua kiganja na kutazama kama mkia unaitikia. Clifford alikuwa akiwapungia watu mkono.

"Umeangalia mkia?" Jackton akapaza sauti. Alimpa nafasi hiyo moja, ili mwenyewe apate usingizi.

"Wee achilia tu! Ni mimi nilijenga, naijua."

Akaachilia. Ndege ikakimbia nyasini, ikainuka, Clifford akainua kiganja ipande zaidi, nayo ikachoma pua ardhini na kupasuka vipande vipande. Clifford akapiga magoti, mikono kichwani, mbele ya watu wote aliowaalika. Dawa ya moto ni moto! Jackton alifurahi.

Kisha akayaendea mabaki, akachomoa hariri iliyochanika, akaikunja taratibu, jinsi Adoyo alivyoikunja akitoka kanisani.

"Hiyo ni ya ndege yangu!" Clifford akalia.

"Yako ni mbao," Jackton akamwambia. "Okota ukachemshie chai."