Dakika Kumi za Mkanda wa Mwisho

Tangu alfajiri Firmin Jaubourg hakuwa ametia kitu tumboni ila kahawa. Saa tano asubuhi hiyo ya Machi 1974, mnara wa mgodi wa makaa ya mawe ungelipuliwa, naye alibakiwa na mkanda mmoja tu wa filamu, wa dakika kumi.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameongoza filamu mbili. Ya kwanza ilioneshwa Paris wiki moja ikaondolewa. Ya pili haikupata hata ukumbi. Miaka mingine yote alipiga matangazo ya sabuni. Hii ya tatu ilihusu mji wake mwenyewe, na mwisho wake ungekuwa kuanguka kwa mnara ule.

Saa tano ikafika, ikapita. Watu walisimama nyuma ya kamba. Mbele yao, Bibi Léontine, mjane wa mchimbaji, alikuwa amekalia kiti alichokibeba kutoka jikoni kwake.

"Washa," Firmin alimwambia Ginette, mpiga kamera wake.

"King'ora cha onyo hakijalia."

"Wakilipua ghafla je? Washa, bwana."

"Haya. Ila sogea huko, mzee wangu, unanitetemeshea kamera."

Mkanda ukaanza kuzunguka. Dakika tatu, mnara umesimama vilevile. Ginette akaigeuza kamera kwa watu. Dakika sita. Firmin alitaka kusema "zima," akaogopa. Alitaka kunyamaza, akaogopa zaidi. Mara mkanda ukasimama. Umekwisha.

Ndipo king'ora kikalia. Mnara ukapiga magoti, ukalala, vumbi likafunika kila kitu. Firmin akaketi kwenye matope.

Kilichosalia ni sauti ya mlipuko tu, kwani kinasa sauti hakikuwa kimezimwa. Kwa wiki mbili hakuthubutu kuutazama mkanda. Alipoutazama, aliziacha mwishoni mwa filamu nyuso zile zikisubiri, kisha picha ikawa nyeusi na mlipuko ukasikika.

Mwezi Juni aliionesha filamu katika ukumbi wa wachimbaji. Ilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Firmin alikuwa kando ya mlango.

Bibi Léontine akamgeukia. "Umenipiga picha nikipangusa pua, wewe."

"Nisamehe, bibi."

"Usiikate. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka kwa hilo hilo." Akajifuta macho. "Hebu irudishe mwanzo. Dada yangu amechelewa, hajaiona."

Wakaitazama tena. Filamu haikufika Paris kamwe, lakini mwaka ule ilizunguka miji kumi na mmoja ya migodi, na kila mahali Firmin alisimama kando ya mlango.